Kusoma vinasaba vya bakteria wa mtindi: uoteshe, upige 16S, usome jenomu nzima au metajenomiki?

Anayetaka kuchunguza utofauti wa vinasaba vya bakteria rafiki walio kwenye mtindi hukutana na mbinu nyingi kuliko fedha alizonazo. Wapo wanaoshikilia sahani ya petri na koloni zake, vile vidoa vya bakteria vinavyoota juu yake. Wapo wanaosema kuotesha kumepitwa na wakati, toa DNA yote uipeleke mashineni. (16S ni jeni moja ya bakteria inayotumika kumtambua; jenomu ni DNA yake yote; metajenomiki ni kusoma DNA ya vijidudu vyote vya sampuli kwa pamoja.) Kila upande una hoja, ila kila upande unajibu swali lake. Wengi hukwama kwa sababu huchagua mbinu kwanza, kisha swali hulitunga baadaye ili liendane na mbinu.

Chukua mifano miwili ya huku kwetu. Uganda kuna mtindi wa Yoba, wenye Lacticaseibacillus rhamnosus yoba 2012, ambayo ni straini (ukoo mmoja ndani ya spishi) maarufu ya GG iliyotolewa kwa jina jingine. Straini hii haiwezi kutumia laktosi, kwa hiyo ikiachwa peke yake ndani ya maziwa husuasua. Ndiyo maana hupewa mwenzake, Streptococcus thermophilus C106, anayevunja laktosi na protini za maziwa. Katika spishi hiyo hiyo ya L. rhamnosus zipo straini nyingine zinazokula laktosi bila shida. Jina la spishi pekee, basi, halikuambii kama maziwa yataganda.

Mfano wa pili ni suusac, maziwa ya ngamia yaliyochachuka ya kaskazini mwa Kenya na Somalia. Humo watafiti walimkuta kwa wingi Streptococcus infantarius subsp. infantarius, jamaa wa kundi la S. bovis ambalo baadhi ya wanachama wake huleta maradhi. Jenomu ya straini moja ya suusac, CJ18, ilichapishwa mwaka 2012, ikaonyesha bakteria aliyezoea maisha ya maziwani, mwenye jeni za laktosi zinazofanana na za S. thermophilus. Hapa jina la spishi linaweza kukutisha bure, na linaweza pia kukufanya ujiamini bure.

Vigezo nilivyotumia

Kila njia nimeiuliza maswali matano yale yale. Inatofautisha hadi ngazi gani: jenasi, spishi au straini? Inaona walio hai tu, au na waliokufa pia? Inataka vifaa na fedha kiasi gani? Kazi ya kompyuta ni ya jioni moja au ya miezi? Na swali ambalo watu husahau: kazi ikiisha unabaki na bakteria hai ndani ya friza, au unabaki na mafaili tu?

Kabla ya yote, njia zote tano zinapita mlango mmoja, nao ni kutoa DNA, na zile zinazotoa DNA moja kwa moja kwenye mtindi ndizo zinazoteseka zaidi. Changanya mtindi na sodiamu sitreti ya asilimia 2 ili kasini, protini ya maziwa, iyeyuke, zungusha kwenye sentrifyuji, utaona tabaka tatu: utando wa mafuta juu, majimaji ya manjano hafifu katikati, na bonge dogo jeupe chini. Bonge ndilo lako. Futa utando wa mafuta kwa pamba safi kabla hujamwaga majimaji. Ukiuacha uteleze hadi chini, PCR (mbinu ya kunakili DNA mara nyingi) itagoma na utalaumu praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoianzisha) bure. Kisha kumbuka kuwa bakteria hawa ni Gram chanya, kuta zao ni nene. Tumia lisozaimu, kimeng'enya cha kuvunja ukuta wa seli, ongeza mutanolisini, kingine cha kazi hiyo hiyo, ukiipata, halafu tikisa kwa shanga ndogo za kioo. Ukiruka hatua hii, matokeo yatawapendelea wenye kuta dhaifu, na hakuna programu ya kompyuta itakayokurekebishia.

1. Kuotesha, kisha kusoma 16S ya kila koloni

Hii ndiyo njia ya wazee wa maabara na bado haijazeeka. Unaotesha kwenye agari ya MRS, iliyopewa jina kwa herufi za mwanzo za de Man, Rogosa na Sharpe walioitangaza mwaka 1960, na kwenye M17 kwa ajili ya streptokoki. Kiwango cha ISO 7889, kilichoandikwa mahsusi kwa mtindi, kinataka MRS iliyotiwa tindikali kwa Lactobacillus delbrueckii subsp. bulgaricus (kwa ufupi L. bulgaricus), nyuzi 37 bila oksijeni kwa saa 72, na M17 kwa S. thermophilus kwa saa 48. Unachukua koloni, unaitakasa kwa kuiotesha upya, unakuza jeni ya 16S kwa praima 27F na 1492R, unapata kipande cha herufi za DNA kama 1,500, unakipeleka kusomwa na kukilinganisha na GenBank, hazina ya mifuatano ya DNA.

Ngazi yake ni spishi, na hata hapo si mara zote. L. casei, L. paracasei na L. rhamnosus zina 16S zinazokaribiana mno; L. plantarum na L. pentosus vivyo hivyo, S. thermophilus na S. salivarius nao huchanganywa. Straini njia hii haiigusi kabisa. Inaona walio hai tu, jambo zuri kwa probayotiki (bakteria rafiki), kwa kuwa ufafanuzi wa FAO na WHO wa mwaka 2001 unadai vijidudu viwe hai na viwe kwa kiasi cha kutosha. Vifaa ni vya kawaida: otoklevu, inkubeta, mtungi usioingiza oksijeni, mashine ya PCR, jeli. Gharama inapanda kwa hesabu ya koloni, maana kila koloni inalipiwa kivyake. Kompyuta ni jioni moja. Na mwisho wa kazi una bakteria wenyewe, hai, ndani ya gliseroli.

Udhaifu wake mkubwa uko kwenye jicho na kwenye agari. Agari huchagua, na mtu naye huchagua: koloni kubwa, jeupe, la mviringo huvutia mkono, yale madogo ya pembeni huachwa. Ukitaka kuzungumzia utofauti, chukua koloni zote za kipande kimoja cha sahani, nzuri na mbaya.

Inamfaa mwanafunzi wa shahada ya kwanza, maabara yenye bajeti ndogo, na yeyote anayetaka kujenga benki ya bakteria.

Jambo la majina nalo linasumbua. Mwaka 2020 jenasi Lactobacillus iligawanywa kuwa jenasi 25. L. acidophilus na L. delbrueckii walibaki nyumbani, L. plantarum sasa ni Lactiplantibacillus, L. fermentum na L. reuteri ni Limosilactobacillus. Hazina za data na vitabu vya maktaba havijalingana, kwa hiyo usije ukawahesabu bakteria wawili kumbe ni mmoja mwenye majina mawili.

2. Alama za vidole za DNA: RAPD, rep-PCR na PFGE

Hizi ni za kutofautisha straini bila kusoma herufi hata moja. RAPD hutumia praima fupi ya herufi kama 10 inayojibandika popote. Rep-PCR, hasa ile ya praima (GTG)5, hufuata mifuatano inayojirudia ndani ya jenomu. PFGE hukata jenomu nzima kwa kimeng'enya kinachokata mara chache, kisha hutenganisha vipande vikubwa kwa umeme unaobadili mwelekeo. Unachopata ni mistari kwenye jeli.

Kwa bakteria uliowaotesha mwenyewe, rep-PCR inatosha kukuambia kwamba kati ya koloni 60 una makundi tisa, na kwamba hakuna haja ya kulipia usomaji wa zote 60. Hapo ndipo ninapoipenda. RAPD ni rahisi zaidi lakini hubadilika kwa kubadilisha mashine, kampuni ya vimeng'enya, hata mkono wa mtu. Jeli yako huwezi kuilinganisha na ya maabara ya jirani. PFGE ilipendekezwa na miongozo ya FAO na WHO ya mwaka 2002 kwa kutambua straini za probayotiki, ila jeli moja hukaa usiku kucha na zaidi, inataka mashine ambayo maabara nyingi hazina, na siku hizi jenomu nzima imeipokonya kazi.

Kwa kuwa unaanza na koloni, unaona walio hai tu. Kompyuta ni kidogo. Kinachokosekana ni maelezo: mistari inasema hawa wawili ni tofauti, haisemi wanatofautiana kwa jeni gani. Inamfaa mwenye koloni nyingi na fedha chache.

3. Kusoma 16S ya bakteria wote kwa pamoja

Hapa huoteshi. Unatoa DNA ya mtindi wote, unakuza kipande cha 16S, mara nyingi eneo la V3 na V4 lenye herufi kama 460, na mashine inasoma maelfu ya vipande kwa kila sampuli. Sampuli nyingi huingia kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo kwa sampuli 40 na kuendelea gharama ya kila moja inashuka sana. Maabara nyingi za ukanda wetu hupeleka kazi hii nje, Pretoria au Seoul, na kupokea mafaili.

Ngazi ya utambuzi ni ya chini kuliko ile ya koloni, kwa sababu kipande ni kifupi. Mara nyingi unaishia kwenye jenasi. Ukisoma 16S yote kwa mashine za vipande virefu kama za Nanopore hali inakuwa afadhali, lakini straini bado hupati.

Tatizo la pili halionekani mpaka ukae na hesabu. Jenomu ya L. bulgaricus iliyochapishwa mwaka 2006 ina nakala 9 za jeni za rRNA, ambazo 16S ni mojawapo, S. thermophilus LMG 18311 ina 6. Ukiwa na mtindi wenye seli sawa kwa sawa za hao wawili, mashine itakuonyesha L. bulgaricus asilimia 60. Kisha utaandika kwenye tasnifu kwamba mmoja anamzidi mwenzake, kumbe umehesabu nakala. Asilimia za 16S zisomwe kama mwelekeo, na zilinganishwe sampuli kwa sampuli, si spishi kwa spishi.

Tatu, inaona wafu. Mtindi uliopashwa moto baada ya kuganda utaonekana una bakteria tele. Ipo dawa ya kupunguza hili, propidiamu monoazaidi, inayoingia kwenye seli zilizokufa na kuifunga DNA yake isikuzwe, ingawa kwenye maziwa mazito inataka majaribio ya awali. Hamira, ambazo ni nyingi kwenye maziwa ya asili, 16S haizioni kabisa.

Niseme wazi: kwa mtindi wa dukani njia hii inachosha. Utalipa fedha uambiwe kuna S. thermophilus na L. bulgaricus, jambo ambalo Codex CXS 243, kiwango cha kimataifa cha maziwa yaliyochachuka, kimeshalisema. Uzuri wake unajitokeza kwenye maziwa ambayo hakuna aliyeyapandia chachu ya kiwandani: mursik ya Wakalenjin iliyokaa kwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa senetwet, kule naoto ya Wamaasai ambayo uoteshaji wa awali ulionyesha imetawaliwa na kundi la L. plantarum, au suusac. Huko hujui nani yumo, na kujua orodha ni matokeo tosha.

Kazi ya kompyuta ni ya wastani. Programu za QIIME 2 na DADA2 zina mafunzo mazuri, hazina ya mifuatano ya 16S ya SILVA ni ya bure, na kompyuta ya mapajani yenye nguvu inaweza. Weka kila mara sampuli tupu (isiyo na mtindi) na mchanganyiko wa bakteria unaowajua. Mwishoni unabaki na mafaili, bakteria huna.

4. Jenomu nzima ya bakteria uliyemtenga

Hii huanza kwa kuotesha, kisha badala ya kusoma jeni moja unasoma zote. Jenomu za bakteria wa mtindi ni ndogo: S. thermophilus na L. bulgaricus wana herufi kama milioni 1.8, L. plantarum kama milioni 3.3. Kuisoma jenomu ya milioni 1.8 mara 100 kunahitaji herufi milioni 180 tu, kiasi ambacho mashine za leo hukitoa kwa bakteria wengi kwa mara moja.

Kwa kutofautisha straini hakuna kinachoifikia. Mfano unaofundisha zaidi ni Bifidobacterium animalis subsp. lactis, ambaye huongezwa kwenye mitindi mingi ya probayotiki duniani. Straini zake mbili, Bl-04 na DSM 10140, zilipolinganishwa herufi kwa herufi zilitofautiana kwa herufi 47 na vipande vichache vilivyoongezwa au kupungua, kati ya karibu milioni 2. Jeli gani ingeona hilo? Ukiwa na wateja wawili kila mmoja anadai bakteria ni wake, hapa ndipo pa kuamulia.

Faida nyingine ni kwamba unaona kazi, si jina tu. Unatafuta jeni ya prtS kujua kama S. thermophilus wako anaweza kuvunja kasini bila kumtegemea L. bulgaricus. Unatafuta jeni za usugu wa antibayotiki kama tet na erm, na kuangalia kama ziko karibu na vipande vinavyohamahama. Unasoma safu za CRISPR, ambazo ni kumbukumbu ya virusi vilivyowahi kumshambulia bakteria huyo. Ilikuwa kwa S. thermophilus wa mtindi, mwaka 2007, ndipo ilipothibitishwa kwa majaribio kwamba safu hizo ni kinga. Kiwanda ambacho mapipa yake hugoma kuganda kwa sababu ya virusi vya bakteria kina kila sababu ya kuzisoma.

Kasoro: vipande vifupi vya kusoma havivuki mifuatano inayojirudia, ambayo iko mingi kwa bakteria hawa, hivyo jenomu hutoka vipande vipande. Ukitaka plazimidi (viduara vidogo vya DNA vilivyo kando ya jenomu kuu) na jenomu iliyofungwa duara, changanya na usomaji mrefu. Kompyuta ni kazi ya wiki, si ya siku, japo jukwaa la mtandaoni la Galaxy na kikokotoo cha ResFinder, kinachotafuta jeni za usugu, humsaidia asiye na seva yake. Gharama kwa bakteria mmoja ni kubwa kuliko 16S, kwa hiyo usisome 60. Soma tisa wale waliotokana na jeli.

Na usivuke mipaka: kukuta jeni si kuthibitisha kwamba inafanya kazi. Jeni zilizokufa ni nyingi ndani ya bakteria waliokaa maziwani miaka mingi. Jeni ya usugu uliyoiona kwenye skrini ipimwe pia kwa dawa yenyewe sahanini.

5. Metajenomiki

Unatoa DNA yote na kuisoma yote, bila kuchagua jeni. Ndiyo njia pekee kati ya hizi inayoonyesha bakteria, hamira na virusi vya bakteria kwa pamoja, na inaweza kukupa spishi kwa uhakika pamoja na dalili za straini.

Dalili, narudia. Straini mbili za karibu zinapoishi kwenye kikombe kimoja, programu hupata shida kujua kipande hiki ni cha nani, na mara nyingi hukupa mchanganyiko wa wote wawili. DNA ya ng'ombe nayo imo, kutoka seli za kiwele. Kwenye mtindi ulioiva bakteria huwa wengi kiasi cha kuizidi, lakini kwenye maziwa mabichi inaweza kumeza sehemu kubwa ya ulicholipia. Wafu wanahesabiwa. Seva yenye kumbukumbu kubwa inahitajika, na mtu anayejua kuiendesha, na umeme usiokatika katikati ya kazi.

Inamfaa mwenye swali kuhusu jamii nzima ya vijidudu na mabadiliko yake, na mwenye mshirika wa bioinfomatiki (uchambuzi wa data za DNA kwa kompyuta) aliyekubali tangu mwanzo, si wa kutafutwa data zikishafika.

Uchague kwa hali yako

Una kiwanda kidogo na unataka kujua kama bakteria aliyeandikwa kwenye kopo yumo hai hadi siku ya mwisho wa matumizi: huhitaji metajenomiki. Otesha na uhesabu. Codex inataka chachu ya mtindi isipungue milioni 10 kwa gramu, na kijidudu kilichotajwa kwenye lebo kisipungue milioni 1. Kwa kuthibitisha straini, tumia PCR yenye praima za straini hiyo kwenye koloni chache.

Ni mwanafunzi wa uzamili na mada yako ni mursik, kule naoto au maziwa mengine ya asili: 16S ya wote kwa pamoja kwenye sampuli nyingi, pamoja na kuotesha sampuli chache kati ya hizo. Ukifanya moja tu, wakaguzi wa tasnifu watakuuliza juu ya nyingine, na watakuwa na haki.

Unawinda probayotiki mpya: otesha kwa wingi, chuja kwa rep-PCR, soma jenomu ya wawakilishi. Ukikutana na streptokoki wa kundi la S. bovis au na enterokoki, jenomu nzima isiwe hiari, maana swali la usalama litakuja kabla ya swali la faida.

Unafuatilia jinsi chachu ya nyumbani inavyobadilika ikirudishwa kwenye maziwa mapya tena na tena: metajenomiki kwa vipindi, na jenomu za bakteria wachache waliotengwa mwanzoni na mwishoni ziwe za kulinganishia. Hapa ndipo fedha za shahada ya uzamivu zinapotumika vizuri.

Sampuli zako zinavuka mpaka: anza na vibali kabla ya kununua kitendanishi chochote. COSTECH kwa Tanzania, NACOSTI na NEMA kwa Kenya, UNCST kwa Uganda, na mkataba wa kuhamisha sampuli unaotaja Itifaki ya Nagoya, ile ya kugawana manufaa ya rasilimali za vinasaba. Wamiliki wa vibuyu wajue kinachokwenda na kinachoweza kurudi. Ikiwa vibali vinachelewa, kuotesha kunaweza kuanza nyumbani wakati unasubiri.

Na kama fedha zinatosha njia moja tu mwaka huu, gawa kila sampuli mara mbili siku ya kwanza: nusu iende kwenye kazi, nusu uichanganye na gliseroli ya asilimia 20 na uiweke kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, na tarehe, kijiji na jina la maziwa viandikwe kwa penseli kwenye lebo isiyobanduka.